Rangi Nyekundu Kwenye Mvule wa Shangazi

Mimi ni mwoga, na nalisema hili mapema ili asije mtu akanisifu baadaye. Naogopa ng'ombe wa pembe ndefu, naogopa daktari wa meno, naogopa mlio wa simu alfajiri. Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kukaa chini ya miti mirefu na kutazama viota vya tai, na watu huniuliza kama siogopi nyoka. Nyoka namwogopa sana, lakini hayumo hata katika watatu wa mwanzo. Ninachokiogopa kuliko vyote ni barua ya wafadhili.

Mradi wetu ni mdogo. Kuna mtafiti, mwanamke kijana aliyetoka bara, kuna mimi, na kuna nyumba ya kupanga nyuma ya maduka ya Ukunda yenye kabati lililojaa manyoya na mifupa ya kima. Fedha hutoka kwa watu wa mbali wanaopenda ndege wawindaji. Hatujawahi kuwaona. Hutoa za mwaka mmoja, na mwaka ukiisha lazima uombe upya. Sasa tai mwenye kishungi, yule mkubwa anayenyakua kima juu ya miti, kinda wake humlea karibu miaka miwili. Kwa hiyo kila mara tunaomba mwaka mmoja ili tutazame jambo la miaka miwili, kisha tunakaa kungoja barua. Mke wangu huujua mwezi huo kwa wali ninaoubakisha sahanini.

Mwaka huo wafadhili waliandika kwamba watamtuma mgeni aje avione viota kwa macho yake. Walitaka kila kiota kiwe na namba yake kwenye shina la mti, ili mgeni aulinganishe mti na karatasi. Mtafiti alinisomea ujumbe huo mara mbili, kisha akaniuliza, "Utaweza kumaliza zote kabla ya wiki ijayo? Anakuja Jumatano." Nikasema nitaweza. Angeniambia niandike namba kwenye migongo ya tai wenyewe, ningesema nitaweza.

Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi. Rangi nyeupe ilikuwako kwa kopo kubwa tu. Nyekundu ilikuwako kwa kopo dogo. Nikachukua nyekundu.

Siwezi kusema sikujua. Nimezaliwa Msambweni. Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, walikuja watu na vyombo vya miguu mitatu wakapiga alama nyekundu kwenye mikorosho ya shangazi yangu, dada yake baba. Wakubwa walisema labda wanahesabu miti ili watuletee dawa ya wadudu. Baada ya wiki chache likaja trekta, tukaambiwa shamba si letu tena. Mume wa shangazi aliruhusiwa kuchukua alichoweza kubeba, na yeye akang'oa mlango wa nyumba, akautia kichwani, akaondoka nao. Mimi nilibeba kuku wawili, mmoja kila kwapa. Tulitembea mpaka chini ya milima ya Shimba, na huko ndiko alikojenga nyumba nyingine nyuma ya mlango uleule. Alifia hapo, na shangazi akabaki hapo, na cheti cha shamba hana mpaka leo.

Yote hayo nilikuwa nayajua nilipokuwa nimesimama dukani na kopo mkononi. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu ya jambo moja huwa hana nafasi ya kukumbuka jingine, na mimi kichwani mwangu mlikuwa na mgeni wa Jumatano tu.

Kiota namba saba kiko kwenye mvule wa shangazi, mwisho wa shamba lake la mahindi. Ndicho kiota kilichonipatia kazi. Mtafiti alipofika mara ya kwanza akiuliza nani ajuaye mahali tai anapolala, nilimpeleka kwa shangazi, na shangazi akamwonyesha kwa kidevu, kama anayemwonyesha mtu wa nyumbani. Alimwita yule tai askari wake. Mashamba ya jirani kima na tumbili huyachuma mahindi wakayamaliza, la kwake hawalisogelei. Picha ya kiota hicho ndiyo iliyokuwa ukurasa wa kwanza wa kila ombi letu la fedha.

Siku niliyokwenda kuandika, shangazi hakuwako. Alikuwa amekwenda Bodo, matangani. Kwetu pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine, na mti wa mtu huugusi bila yeye kujua, hata kama unataka kuokota kuni tu chini yake. Mumewe alipofyeka pale aliuacha ule mvule makusudi, na tangu afe ulikuwa wa shangazi. Ilinipasa kungoja. Badala yake nilisimama mbele ya nyumba tupu nikapiga hodi mara tatu, ili siku nyingine niweze kusema nilipiga, kisha nikazunguka nyuma na kopo langu.

Niliandika saba ya ukubwa wa kiganja. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaona mgeni anaweza asiione. Nikaiongeza mpaka ikawa na urefu wa mkono kutoka kiwiko. Halafu nikaizungushia duara. Kesho yake asubuhi nilipanda gari la Kinango kwenda kuandika namba za viota vya upande ule mkavu, na huko mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Nilirudi kwa shangazi Jumapili, na kilo mbili za sukari mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Lifunge hilo lango."

Lango lile halikuwahi kufungwa mchana. Nililifunga. Ndani, godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia. Begi kubwa la mistari, lile la safari, lilikuwa limesimama nyuma ya mlango. Na shangazi, ambaye tangu nilipopata akili hajamruhusu hata imamu kuvuka kizingiti chake na viatu, alikuwa amevaa raba za kufungwa kamba, ndani, juu ya mkeka.

"Wamekuja tena," akasema.

Alinishika kifundo cha mkono akanipeleka mpaka kwenye mvule, vile alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo tukipita njia yenye mbwa. Nikaiona kazi yangu. Rangi ilikuwa imechuruzika chini ya ile saba mpaka karibu na mizizi. Nilipoiandika niliona namba. Sasa niliona kile anachokiona yeye.

"Mimi sikusoma, lakini saba naijua," akasema. "Nimezunguka mashamba yote mpaka mtoni kutafuta ile moja mpaka sita. Sikuziona. Nane pia hakuna. Ni mimi peke yangu. Na jirani yangu tangu Ijumaa hanijibu salamu. Wanasema nimeuza kwa siri, na mimi nikiuza, njia yao ya kwendea maji imekwenda."

Nilisema, "Huenda ni watu wa ndege tu, shangazi."

Akanitazama. "Watu wa ndege si ni nyinyi? Wewe waweza kuandika kwenye mti wangu bila ya kuniambia?"

"Hapana," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, upesi. Juu yetu kinda alikuwa akilia njaa. Alikuwa ameshaanza kusimama ukingoni mwa kiota na kupigapiga mbawa, na kwa hesabu zangu zilimbakia wiki tatu au nne kabla ya kuweza kuruka.

Hapo shangazi akaniambia kwamba amekwisha zungumza na mtu mwenye msumeno wa petroli. Anakuja kesho asubuhi. Mti ukilala chini, alama imelala nao, na watakaokuja na karatasi zao hawataiona saba yao. Mbao za mvule zina bei. Zitamlipa wakili mjini Kwale, au kama wakili hafai kitu, zitamlipia gari la kumpeleka Kinango kwa binti yake.

"Na askari wako?" nikauliza.

"Askari ana mbawa."

"Kinda hana bado."

"Nimeliona hilo, mwanangu. Nimelia kwa ajili yake." Alikuwa akiutazama mti, hakunitazama mimi. "Lakini mlango wangu umekwisha bebwa mara moja. Mara hii hakuna wa kuubeba."

Mtu mwingine angesema palepale. Maneno yalikuwa matatu tu, ni mimi niliyeandika. Nilitembea kutoka mvuleni mpaka langoni nikihesabu yatakayonipata. Shangazi angeninyima radhi, na radhi za dada yake baba si kitu cha kuchezea. Angewafungia mtafiti na mgeni lango. Mgeni angefika kwenye kiota cha ukurasa wa kwanza akamkuta bibi mwenye hasira. Barua ingekuja ya kusema pole. Mtafiti angerudi bara, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, ningekwenda Diani kuomba kazi ya kubeba mizigo ya watalii. Nilipofika langoni nilikuwa nimekwisha kuaga. Njiani nikagundua kwamba sukari bado ninayo mkononi.

Nilimpigia simu mtafiti nikiwa nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara. Nikamweleza.

"Si umwambie tu ni wewe?" akasema. "Ni namba tu."

"Kwake si namba tu."

Akasema, "Sawa, lakini please isifutwe kabla ya Jumatano. Huyo mgeni lazima aione. Mwambie akingoja mpaka Alhamisi, nitakuja niifute mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka kidogo. Siku zote nilidhani kwamba katika mradi ule mwoga ni mimi peke yangu. Nikamwahidi kwamba nitazungumza na shangazi kesho asubuhi na mapema.

Asubuhi nilifika mapema, ni kweli. Lakini sikufika nyumbani. Niliketi penye kona ya njia, hatua mia mbili hivi kutoka langoni, nikiyapanga maneno. Nianze na mgeni, au nianze na namba, au nianze na miaka yote ambayo yule tai amewafukuza kima. Nilipanga, nikapangua. Nilikuwa nimeridhika kidogo na mpango wa tatu niliposikia injini ikiwaka.

Nilikimbia. Sijui nilikimbiaje, maana magoti yangu si ya kukimbia. Injini ilinguruma, ikapoa, ikanguruma tena, na kila iliponguruma niliona mti chini tayari. Nilipotokea nyuma ya nyumba, fundi alikuwa ameinama kwenye shina na vumbi la mbao la manjano lilikuwa likimrukia miguuni. Kamba ilikuwa imefungwa juu. Tai mama alikuwa akizunguka juu ya mti akipiga kelele, kelele ambazo kwa miaka sita sijawahi kumsikia akizipiga. Kinda sikumwona kabisa. Alikuwa amejilaza ndani ya kiota, kama walalavyo hatari ikija, kungoja ipite. Shangazi alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, na raba zake miguuni.

Msinifikirie nilijitupa mbele ya msumeno. Msumeno nauogopa. Nilikwenda kwa shangazi, nikamwambia ni mimi. Hakusikia. Nikamwambia tena, kwa sauti, karibu na sikio lake. Akanigeukia, akanitazama mdomo, kisha akainua mkono, na fundi akazima injini. Kukawa kimya, na nikalazimika kusema mara ya tatu.

"Ni mimi niliyeandika, shangazi."

"Ni wewe."

"Ni mimi. Ni namba ya kiota. Hakuna mtu anayelitaka shamba lako."

"Uliandika lini?"

"Ulipokuwa Bodo."

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Alikuitika nani?"

Fundi aliuweka msumeno chini akaanza kuifungua kamba yake polepole, macho chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wanagombana.

"Siku tano nalala na viatu," shangazi akasema. Hakupandisha sauti. "Nikisikia pikipiki barabarani, naketi. Jana nilikuuliza hapa, hapa hapa, ukaniambia hapana."

Akageuka akaingia ndani. Nilibaki nimesimama nikingoja laana. Alitoka na panga. Akanipa mpini.

"Futa."

Nilikwangua mpaka adhuhuri. Rangi ilikuwa imeingia katika mikunjo ya gome, na ili niitoe ilinibidi nilitoe gome lenyewe. Mvule ukikatwa hutoa utomvu mweupe, na ule utomvu ulinitiririka mikononi mpaka viwiko, ukashika vumbi, ukakauka. Chini yake kulikuwa na mkato wa msumeno, unaoingia vidole vinne. Nilizamisha vyangu nikaupima. Mara moja nilihisi ninatazamwa nikainua kichwa, na kinda alikuwa ukingoni, akinichungulia. Namba ilipokwisha kabisa ilibaki alama kubwa ya rangi ya ngozi iliyochubuka, kubwa kuliko namba yenyewe. Shangazi alikuja kuiangalia. Akapitisha kiganja juu yake, pole, kutoka juu hadi chini. Hakusema imetosha. Alisema tu nikanawe.

Jumatano mgeni alikuja, kijana mpole mwenye kofia na ubao wa karatasi. Lango lilikuwa limefungwa. Shangazi alisimama ndani ya uwanja wake na hakulifungua. Nilimwona akiutazama ule ubao wa karatasi, na nilijua anachokumbuka. Mgeni aliuona mvule kutoka barabarani kwa darubini, akaona kiota, akauliza namba iko wapi. Mtafiti akaanza kusema kwamba ni mvua iliyoifuta. Nikamkatiza nikasema haikuwa mvua, niliifuta mimi, kwa sababu niliiandika bila ruhusa kwenye mti wa mwenyewe. Sijui mtafiti alitafsiri kiasi gani. Mgeni aliuliza kama wanaweza kugongomea kibati kidogo tu badala ya rangi. Nilikwenda langoni nikamuuliza shangazi.

"Mwambie aandike anachotaka kwenye karatasi yake," akasema. "Kwenye mti wangu, hapana."

Mgeni alimpungia mkono alipokuwa akiondoka. Wa shangazi haukuinuka.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Walitupa mwaka mmoja tena, alhamdulillahi, kwa viota vyote vyenye namba. Kiota cha saba kilitolewa katika orodha, maana hakikuweza kuthibitishwa, na siku zangu za kukitazama zikaondolewa katika malipo. Picha ya ukurasa wa kwanza siku hizi ni ya kiota kingine, cha upande wa Kinango, chenye namba niliyoirudia kwa rangi nyeupe.

Kinda aliruka. Shangazi alimwona, mimi sikuwako. Hakunipigia simu kuniambia. Aliniambia nilipokwenda Ijumaa, kwa maneno machache, kwamba alitoka mpaka kwenye mkorosho wa jirani, akatua vibaya, akakaa hapo mchana kutwa mama yake akimletea chakula. Niliyaandika hayo katika daftari langu, ingawa hakuna wa kumpelekea.

Nakwenda kila Ijumaa baada ya sala. Hakuna anayenilipa. Jirani ameanza kuitikia salamu. Mvule umesimama, na kila upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu nakumbuka ule mkato nikakosa raha siku nzima. Kima hawajagusa mahindi.

Ijumaa iliyopita nilipiga hodi nikangoja. Siku hizi nangoja hata dakika kumi, mpaka niitikiwe. "Karibu," akasema. Niliusukuma ule mlango wa zamani nao ukagota kwenye kitu. Ilikuwa ni lile begi la mistari, bado limesimama palepale nyuma yake.

"Nikusaidie kulifungua, shangazi? Nguo zitaota ukungu."

"Liache," akasema.

Nilivua viatu vyangu kizingitini, nikaingia nikaketi mkekani, nikampa sukari. Akainuka kwenda kutia chai, na nikamsikia akitembea jikoni na raba zake.